Laini ya Marehemu

Alipofeli mara ya pili, Hafsa alifunga kompyuta yake polepole, kwa adabu zote, kisha akatoka uani akaipiga teke ndoo. Ndoo haikuwa na kosa lolote. Lakini mwenye kosa alikuwa hajamjua bado, na hasira ikishapanda haisubiri upelelezi.

Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele kwa ncha za vidole, maana macho yalikuwa yameshaanza kumtupa mkono. Aliisikia ndoo ikibingirika mpaka kwenye banda la kuku.

"Imekataa tena?" akauliza.

"Imekataa."

"Basi iokote hiyo ndoo. Kesho tutaitaka."

Kilichokataa kilikuwa kipimo cha mtandao. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inatafuta wakalimani wa kufanyia kazi nyumbani. Daktari yuko huko kwao, mgonjwa wake ni mkimbizi asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili, na mkalimani anakaa katikati yao kwenye kompyuta, anampa huyu maneno ya yule. Kazi hiyo ilikuwa kama imekatwa na kushonwa kwa kipimo cha Hafsa. Miaka sita alikuwa akiwatafsiria wageni wa miradi ya gesi, mpaka mkataba ukaisha na wageni wakaondoka na viti vyao vya kuzunguka. Usaili wa lugha aliupita bila kutoka jasho. Kikabaki hicho kipimo cha kasi: mfumo wa kampuni unaingia wenyewe kwenye kompyuta ya mwombaji na kupima, na unataka kushusha kusipungue mega kumi, kupakia kusipungue mega tano. Mtu hupewa nafasi tatu. Akifeli zote, jina lake linafutwa. Hafsa alikuwa amebakiza moja, Jumamosi saa nne asubuhi, na siku ile ilikuwa Alhamisi.

Kama angefeli na hiyo, Jumatatu alitakiwa awe Dar es Salaam. Shemeji yake Mustafa alikuwa amemtafutia kazi ya kupokea simu kwenye ghala moja huko, na alimwambia wazi kwamba nafasi haitangoja wiki ya pili. Kazi ni kazi. Lakini Bi Mwanaidi alikuwa na sukari, anachomwa sindano asubuhi na jioni, na mchomaji alikuwa Hafsa peke yake. Bi Saumu wa nyumba ya pili alijitolea kujifunza, akazimia kabla sindano haijatoka kwenye kasha lake. Naye Bi Mwanaidi alipoambiwa wahame wote wawili, alisema yeye hatoki mtaani kwake Shangani kwenda kufia ghorofani kama njiwa. Wakaliacha hapo. Tangu siku hiyo sanduku la Hafsa lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati, likakaa kitandani kwake limeachama, na kila mmoja akajifanya halioni.

Mtandao wa nyumba ile aliuleta marehemu baba yake, Mzee Thabiti, aliyekuwa karani bandarini. Alipostaafu alivuta mkonga wa intaneti mpaka sebuleni kwa sababu mbili, darsa na mpira, na hakuwahi kusema ipi ilikuwa ya kwanza. Nywila aliichagua mwenyewe: karibunichai, herufi ndogo tupu, hakuna nafasi. Alipofariki, nyumba ilifurika watu wa Mikindani, wa Ziwani, mpaka wa Nanyamba, na jamaa walioshindwa kufika walitaka kuyaona maziko kwa simu. Mtu mmoja, hakuna anayemkumbuka ni nani, akaokota chaki na kuiandika nywila ile ukutani barazani. Arobaini ikapita, mwaka ukapita, chaki ikabaki. Bi Mwanaidi alikataza isifutwe. Kilichotolewa msibani, alisema, kimeshakuwa sadaka ya marehemu, na sadaka hairudishwi mfukoni. Kila anayesoma aya kwa laini ile, au anayemjulia hali mzazi wake, thawabu zinamfikia Thabiti huko aliko.

"Na wanaotazama vichekesho je?" Hafsa aliwahi kumuuliza.

"Baba yako alipenda kucheka," akajibu mama mtu, na shauri likaishia hapo.

Kwa hiyo baraza ile haikukauka watu. Wa kudumu alikuwa Babu Asadi, jirani wa mkono wa kushoto, aliyekuwa akibeba mizigo bandarini enzi za marehemu. Alikuja kila siku baada ya Alasiri kuzungumza na binti yake aliyeko Muscat, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, alizungumza kama anayetaka binti amsikie hata bila simu. Mtaa mzima ulijua kwamba binti huyo ana mimba ya miezi minane na kwamba haipatani na kitunguu.

Alhamisi ile, ndoo ikiwa bado mkononi, Hafsa alichungulia barazani akaona watu watano, kila mmoja kainamia simu yake. Hapo akampata mwenye kosa. Tena akampata mara tano.

Akaingia ndani. Siku tatu nzima alikuwa akifuata mafunzo ya kijana mmoja wa mtandaoni aliyeahidi kasi maradufu kwa dakika tano. Alikuwa ameshazima na kuwasha ruta mara saba. Alikuwa amebadilisha chaneli. Alikuwa ameingia kwenye mipangilio ya kompyuta na kuandika namba za seva kama kijana alivyozitaja, moja moja, kwa heshima kana kwamba anapiga namba ya mkuu wa mkoa. Kasi haikujigusa. Somo la mwisho la kijana lilikuwa fupi: fukuza wageni. Hafsa akafungua mipangilio ya ruta na kuhesabu simu thelathini na moja zilizokuwa zimejiunga. Kuna watu walikuja kuzika, wakala wali, wakaenda zao, na mpaka leo kila wakipita barabarani simu zao zinaingia ndani ya nyumba bila hodi.

Akaifuta karibunichai. Akaweka nywila mpya, ndefu, yenye alama za kila aina, ambayo hata yeye ilimlazimu kuiandika kwenye karatasi.

Barazani pakawa kimya. Kisha akamsikia mtu akisema, "Mbona kumekata?" na mwingine akamjibu, "Ngoja, itarudi." Wakangoja. Walingoja mpaka adhana ya Magharibi, wakaondoka kwenda kusali, na baada ya sala hakurudi hata mmoja.

"Kuna nini huko nje?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Ni kampuni ya mtandao, mama. Wana hitilafu."

Bi Mwanaidi akainuka, akaenda kwenye kabati la vyombo, akarudi kukaa. Hafsa akamchoma sindano ya jioni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo akamchoma bila kumtazama usoni.

Ijumaa asubuhi alifungua kompyuta, akasema bismillahi, akapima. Kushusha, mega mbili nukta nne. Kupakia, sifuri nukta tatu. Ni vile vile vya jana. Akapima tena, akapima mara ya tatu, na namba zikamjibu kwa kiburi kile kile. Amewafungia watu thelathini na moja mlango, amemdanganya mama yake mzazi, na hakuambulia hata nusu mega. Kuna dhambi zenye faida kidogo hapa duniani. Yake haikuwa na hata hiyo.

Watu walipotoka msikitini mchana, Babu Asadi alipiga hodi. Alikuwa bado na kanzu yake ya Ijumaa, na mkononi ameshika mfuko wa mihogo aliyoichimba shambani kwake Ziwani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutoa pole."

"Pole ya nini tena?"

"Nasikia laini ya marehemu imekatika!" Aliipaza sauti mpaka kuku wakasogea. "Nikasema, masikini, huu kwao ni kama msiba wa pili. Ile ilikuwa sauti yake imebaki. Haya, pokea mihogo."

Hafsa aliupokea mfuko. Ulikuwa mzito, na yeye akauona mzito zaidi.

"Na binti hajambo?" akauliza, ili aseme chochote.

"Kaingia hospitali jana jioni. Siku hazijatimia, lakini kaingia. Nimetia bando dogo, nikauona uso wa muuguzi, bando likaisha. Sasa sijui kazaa, sijui hajazaa. Lakini hilo si la kukutwisha wewe, hilo nimemwachia Mungu." Akageuka kuondoka, kisha akakumbuka jambo. "Ila laini yenyewe ilikuwa inaugua siku nyingi, mwanangu. Ukiwa umefungua mashine yako, sisi huku nje tunakwama. Ukiifunga, tunaendelea. Tukasema labda ni joto."

Maneno hayo yangeweza kumfumbua macho Hafsa saa ile ile. Lakini aibu ilikuwa imemjaa mpaka masikioni, hakuyasikia sawasawa. Alichosikia ni kwamba kuna mzee hajui kama binti yake kajifungua salama, na ufunguo uko kwenye karatasi mezani kwake. Alikaa kizingitini na ule mfuko wa mihogo mapajani. Angeweza kuwafungulia palepale. Lakini kesho ndiyo nafasi ya tatu, na kama kuna robo ya mega ya kuokoa, aliitaka. Alijichukia kwa kufikiri hivyo, na akaendelea kufikiri hivyo hivyo. Mwishowe akampigia simu fundi Veronika.

Veronika alikuwa Mmakonde wa Nanyamba, mwanamke mfupi mwenye duka la kutengeneza kompyuta karibu na sokoni, na ndiye aliyezihudumia mashine za ofisi ya Hafsa wakati ule wa gesi. Alifika saa tisa kwa pikipiki yake, begi mgongoni, akamwamkia Bi Mwanaidi kwa magoti, kisha akasimama katikati ya sebule akitafuta.

"Ruta iko wapi?"

Hafsa akamwonyesha kabati la vyombo. Ndani ya vioo, kati ya chupa za chai na seti ya vikombe vya harusi visivyonywewa, kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua mekundu, pindo zake zimefumwa kwa sindano ya mkono. Bi Mwanaidi alikitarizi mwenyewe, zamani macho yakiwa macho. Redio ilikuwa na chake, televisheni ilikuwa na chake, jokofu pia. Ruta ilipoingia nyumbani ilipewa haki sawa na wenzake.

"Nani kaizika?" Veronika akauliza.

"Haikuzikwa, imesitiriwa," akasema Bi Mwanaidi kutoka mkekani. "Kitu cha thamani hakikai uchi."

"Mama yangu, kitu hiki kazi yake kusema. Umekifunika blanketi, ukakifungia kabatini pamoja na masufuria. Kingekuwa mtoto kingelia."

Bi Mwanaidi alicheka, akanyoosha mkono. Veronika akampa kitambaa, naye akakikung'uta vumbi, akakikunja, akatoka nacho uani kukifua. Ruta ikawekwa juu ya meza karibu na dirisha, utupu wake wote hadharani.

Kisha Veronika akatoa simu yake na kuomba nywila. Hafsa akampa karatasi. Alikosea mara mbili kabla haijamkubali.

"Hii nywila au dawa ya panya?"

Hafsa akairudisha karatasi mezani. Veronika akapima kwa simu ile, kompyuta ikiwa bado imefungwa. Kushusha, ishirini na moja. Kupakia, kumi na tisa.

Hafsa alipiga ukelele. Kumbe ni kitambaa! Siku zote hizi ni kitambaa! Akaifungua kompyuta kwa pupa na kupima, mikono kifuani. Kushusha, tatu. Kupakia, sifuri nukta nne. Furaha ikamkauka mdomoni.

Veronika yeye hakuitazama kompyuta. Alikuwa amepima tena kwa simu yake, na simu nayo ilikuwa imeanguka mpaka tatu.

"Ifunge," akasema.

Hafsa akaifunga. Simu ikapanda, ishirini.

"Ifungue."

Ikashuka, tatu.

Walifanya hivyo mara nne, kama watoto wanaochezea swichi ya taa. Mara ya nne Hafsa akayakumbuka maneno ya Babu Asadi, yote, neno kwa neno, na akahisi damu ikimpanda usoni.

"Dada Hafsa," Veronika akasema, "watu wanaotazama video wanashusha. Kupakia ni kutuma. Humu kuna mtu anatuma vitu bila kupumzika, analiziba bomba lote, wengine hawapati hata tone. Na mtu huyo anatokea kwenye mashine yako."

"Mimi situmi kitu chochote."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Veronika, akavuta kiti.

Hakuchukua muda. Alifungua orodha ya programu zinazotumia mtandao, akafuata moja, ikampeleka kwenye folda. Folda ilikuwa na jina fupi: Baba.

Hafsa alijishika kichwa. Baada ya arobaini alikuwa amewaomba ndugu wote wamtumie picha na video walizokuwa nazo za Mzee Thabiti, akazikusanya humo, na kwa hofu kwamba kompyuta inaweza kuibwa au kuungua, akaiamuru izipeleke zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kisha akasahau. Nyingi zilishafika. Iliyobaki ilikuwa moja, ya Idd ya mwisho ya marehemu, iliyopigwa na binamu yake Ismaili, mtu anayejua kuwasha kamera ila kuizima hajafundishwa. Saa tatu na ushei, kipande kimoja. Kila kompyuta ilipowashwa, video hiyo ilianza safari, ikafika asilimia tisini na kitu, ikashindwa, ikaanza upya. Miezi kumi na nne ilikuwa inapanda mlima huo na kuporomoka.

"Kwa hiyo si wao," Hafsa akasema.

"Si wao. Wao ndio waliokuwa wanakuvumilia wewe."

Hafsa alianza kucheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia, na hakujua lini moja lilikwisha na jingine likaanza. Veronika alimngoja. Kisha akapeleka kishale kwenye kitufe cha kusimamisha, akamwachia kipanya abonyeze mwenyewe.

Hafsa hakubonyeza. "Nikiisimamisha, itapotea?"

"Haipotei. Iko hapa hapa, haijawahi kwenda popote." Veronika akafungua begi, akatoa diski mbili ndogo. "Nanakili folda yote humu. Moja inakaa kwako, nyingine mpelekee ndugu mbali na hapa, nyumba isiungue na zote. Hiyo ndiyo hifadhi. Mambo ya mtandaoni tutayapangia, iwe inatuma polepole wakati hufanyi kazi, tena kwa vipande."

Wakati diski zinajaa, Hafsa aliifungua ile video. Mzee Thabiti akatokea, kakaa kwenye kiti chake cha kamba, kanzu mpya, kikombe mkononi. "Ismaili," alikuwa anasema, "unapiga picha au unalenga ndege?" Akacheka kicheko chake kile cha kukohoa. Bi Mwanaidi akaja mpaka mlangoni, mikono ikidondosha maji ya sabuni, kile kitambaa kimelowa mkononi. Hakuweza kuona vizuri, akasimama kusikiliza.

"Thabiti huyo," akasema.

Wakamngoja marehemu mpaka akamaliza chai yake. Ndipo Hafsa akabonyeza.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya fundi. Veronika alivuta waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta, akaingia kwenye mipangilio na kuipa kompyuta ile nafasi ya mbele. "Wote wanaweza kuingia," akaeleza, "lakini mashine yako ikibisha hodi, inafunguliwa kwanza." Wakapima. Kushusha, ishirini. Kupakia, kumi na nane. Namba zikatulia hapo kama zimekaa kitako.

"Na nywila?" Veronika akauliza. "Mimi ningekushauri uwaache nje mpaka kesho saa nne ipite. Kwa usalama tu. Watu thelathini ni watu thelathini."

Ushauri ulikuwa mzuri, na Hafsa alijua ni mzuri. Ndiyo nafasi ya mwisho. Akiikosa, ni lile sanduku. Alitazama karatasi ya nywila, akatazama mfuko wa mihogo ulioegemea ukuta. Akavuta kipanya, akaifuta ile dawa ya panya, na akaandika herufi zile za baba yake, moja moja: karibunichai.

Taa za ruta zikaanza kupepesa. Hazikupita dakika mbili, wakasikia simu upande wa pili wa ukuta ikilia kwa ujumbe, mmoja, wa pili, wa tano, mfululizo. Kikafuata kimya. Halafu sauti ya Babu Asadi ikapanda juu ya paa za Shangani.

"Wa kike! Kazaa wa kike! Wote wazima!"

Jioni ile, bomba la sindano likiwa mkononi, Hafsa alimweleza mama yake kila kitu. Hakujitetea. Alisema, "Mama, haikuwa kampuni. Ni mimi niliyewafungia."

"Najua."

"Unajua?"

"Baba yako alinifundisha. Kampuni ikiwa na hitilafu, ile taa ya mwisho huwa nyekundu. Jana nilikifunua kitambaa, ilikuwa kijani." Bi Mwanaidi akakunja upande wa kanga kumpa mahali pa kuchoma. "Macho yangu hayaoni punje ya mchele, lakini kijani na nyekundu bado nazijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nione utakaa nayo siku ngapi. Baba yako alikaa nayo siku mbili."

"Baba? Baba aliwafungia watu?"

"Wenzake wa barazani alishawapa nywila kwa mdomo. Ikaja siku ya mechi ya watani. Alisema wanamkatia picha. Wakafungwa bao watu wake, akashindwa kula chakula cha usiku, keshokutwa yake akawafungulia na kuwapikia chai wote. Wewe angalau umekaa siku moja."

Hafsa akamchoma, na safari hii alimtazama usoni.

Jumamosi, kufika saa tatu baraza ilikuwa imejaa. Watu walikuja kumpongeza Babu Asadi, naye aliwapokea hapo, kwenye baraza ya marehemu, akiwa ameinua simu juu ili kila mmoja amwone mjukuu aliyelala. Kila aliyemwona mtoto alitoa simu yake ili mwingine aliyeko kwingine naye amwone. Saa nne kasorobo Hafsa alihesabu kwenye ruta simu thelathini na nane. Alifunga dirisha. Alifunga mlango. Sauti ya Babu Asadi ikapita kwenye vyote viwili.

Saa nne kamili mfumo wa kampuni ukaingia. Mstari wa bluu ulitembea kwenye kioo kutoka kushoto, ulipofika katikati ukasita, na Hafsa akasita nao kupumua. Ukaendelea. Kushusha, kumi na tisa. Kupakia, kumi na saba. Chini yake likatokea neno moja la Kiingereza, ambalo Hafsa amelitafsiri mara elfu katika maisha yake na hajawahi kulipenda kama siku ile. Umefaulu. Ukafuata ujumbe wa kumtaka aanze Jumatatu, saa mbili asubuhi, mahali pa kazi: nyumbani.

Alikaa pale pale. Aliusoma ujumbe tena mpaka lile neno la mwisho. "Mama!" akaita. "Imekubali!"

"Alhamdulillahi," ikasikika kutoka uani, mara tatu, na ya tatu ilikuwa na kilio ndani yake.

Hafsa akaenda chumbani kuliondoa lile sanduku. Halikuwa kama alivyoliacha. Nguo zake alizozirundika zilikuwa zimekunjwa moja moja, na juu yake kabisa kimelazwa kitambaa cheupe cha maua mekundu, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kinanuka udi.

Akatoka nacho mpaka uani. "Mama, hiki kimefikaje sandukuni?"

Bi Mwanaidi aliendelea kuchambua mchele.

"Nilijua hutaweza kuondoka mpaka mtu akufungie sanduku," akasema. "Na huko Dar nilisema usikose kitu cha kufunika vyombo vyako. Basi."

Hafsa aliinama. Alimwinua mama yake kwa mkono, wakaingia wote sebuleni. Bi Mwanaidi akakipapasa kitambaa mpaka akalijua pindo, akakitandaza mezani karibu na dirisha na kukinyoosha pembe zote nne. Hafsa akainyanyua ruta na waya zake zote, akaiweka juu yake.

"Kinapumua hivyo?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Kinapumua, mama."

Kisha Hafsa akarudi chumbani, akazitoa nguo, akaliinua sanduku tupu na kulirudisha juu ya kabati.